MOS Gani Itakufaa Ukivua Magwanda? Kuchagua Kazi ya Jeshi la Marekani kwa Jicho la Ajira ya Uraiani

Kila majina ya bahati nasibu ya viza yanapotoka na vijana wetu kutua Marekani na kadi ya kijani, swali moja hurudi: nijiunge na jeshi, na nikijiunga nichukue kazi gani? Majibu hugongana. Huyu atakwambia chukua chochote, cha muhimu uraia. Yule atasema usipopata kazi ya kompyuta umepoteza miaka yako. Wa tatu atamtaja jamaa aliyetengeneza helikopta za jeshi kwa miaka sita, akatoka, na leo anapakia mizigo ghalani. Wote watatu wana sehemu ya ukweli, na ndiyo maana kijana anayewasikiliza huondoka amechanganyikiwa kuliko alivyokuja.

Makala haya hayamsukumi mtu ajiunge wala hayamzuii. Ni kwa ajili ya yule aliyekwisha kuamua, au anayekaribia kuamua, na anataka miaka atakayoitoa imwachie kitu cha kushika.

Tuanze na maneno yenyewe. Majeshi ya Marekani yana matawi sita: jeshi la nchi kavu, la wanamaji, la anga, Marine, walinzi wa pwani, na jeshi la anga za juu lililoanzishwa Desemba 2019. Ndani ya kila tawi askari ana cheo, na mbali na cheo ana kazi aliyofundishwa. Jeshi la nchi kavu na Marine huiita kazi hiyo MOS. Jeshi la anga huiita AFSC, na wanamaji wana jina lao. Hapa nitasema MOS kwa zote, maana ndilo neno lililozoeleka. Kwenye jeshi la nchi kavu MOS huandikwa kwa namba na herufi: 11B ni askari wa miguu, 68W ni tabibu wa vitani, 88M ni dereva wa malori, 91B ni fundi wa magari, 92G ni mpishi.

Maneno mengine mawili yanayochanganywa ni leseni na cheti. Leseni ni ruhusa ya kisheria. Bila hiyo, kufanya kazi fulani ni kosa. Hutolewa na jimbo au na mamlaka ya shirikisho. Cheti ni uthibitisho wa chombo cha kitaaluma kwamba umefaulu mtihani wao. Sheria huenda isikidai, lakini mwajiri anakidai. MOS yenyewe si leseni wala si cheti. Ni rekodi kwamba jeshi limekufundisha na kukutumia.

Hapo ndipo yule jamaa wa helikopta alipokwama. Hali yake ni ya fundi hodari wa mtaani anayezidi kwa mikono wengi waliotoka chuoni, lakini zabuni ikitangazwa anaambiwa alete karatasi. Ujuzi anao. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mapema ni karatasi gani, na kwamba ilipaswa kutafutwa angali na sare mwilini.

Majina yanayofanana, milango isiyofanana

Ukichagua MOS kwa jina lake tu, unaweza kukosea vibaya. Chukua kazi mbili za afya. Tabibu wa vitani, 68W, hufundishwa San Antonio, Texas, kwa wiki 16 hivi, na njiani lazima afaulu mtihani wa kitaifa wa EMT, yaani mhudumu wa dharura wa ngazi ya mwanzo. Jeshini atafundishwa kuzuia damu inayomwagika kwa kasi, kutoboa kifua chenye hewa iliyonasa, kuweka dripu gizani. Akitoka, uraiani unamtambua kwa kile cheti cha EMT tu, na EMT wa ngazi hiyo haruhusiwi kufanya mengi ya yale aliyoyafanya vitani. Mshahara wa EMT nao ni mdogo. Hawi muuguzi kwa sababu tu alitibu majeruhi. Shule ya uuguzi inamngoja kama inavyomngoja mwingine yeyote.

Sasa tazama 68C, muuguzi wa vitendo. Mafunzo yake huchukua karibu mwaka mzima, darasani na hospitalini, na mwisho wake ni mtihani wa NCLEX-PN, uleule anaoufanya raia anayetaka leseni ya uuguzi wa ngazi ya LPN. Huyu anatoka na leseni halisi, na kutoka LPN kwenda RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, kuna madaraja yaliyokwisha kujengwa vyuoni. Herufi moja tu imebadilika, kutoka W kwenda C, na maisha ya baadaye yamebadilika nayo. Simdharau 68W, wapo wanaoipenda kazi ile kwa moyo wote, na wengine huitumia kama ngazi ya kwenda kwenye uganga wa dharura wa juu au masomo ya usaidizi wa daktari. Ninachosema ni kwamba anayeichukua akidhani ni njia ya mkato kwenda uuguzi ameelezwa vibaya.

Malori ni mfano wa upande mwingine, kazi isiyopewa heshima lakini yenye mlango ulio wazi. 88M hufundishwa Fort Leonard Wood, Missouri, kwa wiki chache. Kanuni za shirikisho zinayaruhusu majimbo kumwondolea mtihani wa barabarani wa leseni ya magari makubwa, CDL, askari aliyeendesha magari mazito jeshini kwa angalau miaka miwili, mradi aombe ndani ya mwaka mmoja tangu aiache kazi hiyo. Tangu 2018 majimbo yanaweza kumwondolea hata mtihani wa maandishi. Sharti ni muda. Anayerudi nyumbani, akapumzika miezi kumi na minne, kisha akaenda ofisi ya leseni, ataambiwa aanze mwanzo na wengine.

Tumrudie fundi wa ndege. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, hutoa leseni ya ufundi yenye pande mbili: mwili wa ndege na injini. Uzoefu wa jeshini unahesabika. Miezi 18 ya kazi hukuruhusu kuomba upande mmoja, na miezi 30 ya kazi inayogusa pande zote mbili hukuruhusu kuomba zote kwa pamoja. Afisa wa FAA hukuhoji na kukagua rekodi zako, akiridhika hukusainia fomu ya kukaa mitihani, nayo ni ya maandishi, ya mdomo na ya vitendo. Kwa hiyo miaka sita ya helikopta inatosha na kuzidi. Lakini FAA haimtafuti mtu. Na aliyewekwa kwenye injini peke yake miaka yote atapata shida kuonyesha upande wa pili, ndiyo maana fundi mwenye akili humwomba msimamizi wake ampangie kazi tofauti na huandika kila saa aliyofanya, tarehe, na aina ya kazi.

Polisi wa jeshi, 31B, ndiyo MOS inayoeleweka vibaya kuliko zote. Watu hudhani ukitoka unahamia tu kituo cha polisi cha mji. Majimbo yana masharti yake na vyuo vyake vya polisi, na mara nyingi askari huyo hupita chuoni kama wengine. Rekodi yake itamsaidia kwenye usaili, na majimbo mengine humpunguzia masomo, lakini hakuna kuhamishwa moja kwa moja.

Kadi ya kijani na milango iliyofungwa

Hili ndilo ambalo ningependa kila mhamiaji alijue kabla hajaketi na afisa wa kuandikisha. Mkaazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kujiunga kama askari wa kawaida. Haruhusiwi kupewa kibali cha usiri, ruhusa ya kuona taarifa nyeti za serikali, kwa sababu hicho ni cha raia wa Marekani. Na kazi nyingi zinazotajwa vijiweni kwamba zina pesa uraiani, kama vita vya mtandaoni, ujasusi, mawasiliano ya siri na mitambo ya nyuklia ya wanamaji, zinakihitaji.

Kwa hiyo anayekwambia "chukua IT" huenda anakuelekeza kwenye mlango usioweza kuugusa siku ya kusaini. Hakukosea kuhusu thamani yake. Kibali hicho ni mali kweli: makampuni yanayofanya kazi za serikali, hasa Virginia na Maryland kuzunguka Washington, humpendelea mtu aliyekwisha kuchunguzwa. Nacho kina umri wake. Ukitoka jeshini na kukaa zaidi ya miezi 24 bila kukitumia, kwa kawaida uchunguzi huanza upya.

Uraia kupitia jeshi upo, na hauna ada. Kwa sheria inayotumika wakati wa uhasama, ambao kisheria umehesabiwa tangu Septemba 11, 2001, askari anaweza kuomba bila kungoja miaka mitano ya ukaazi. Huhitaji fomu N-400 na N-426, ambayo jeshi husaini kuthibitisha utumishi wake. Wengine humaliza wakiwa mafunzoni, wengine husubiri muda mrefu zaidi. La kukumbuka ni kwamba uraia wa njia hii unaweza kufutwa ikiwa mtu ataondolewa jeshini bila heshima kabla hajatimiza miaka mitano ya utumishi mwema.

Kwa maoni yangu, kwa mhamiaji mpango bora huwa na hatua mbili. Hatua ya kwanza ni MOS iliyo wazi kwako leo ambayo ina leseni au saa zinazohesabika: ufundi, udereva, ugavi, baadhi ya kazi za afya. Ya pili, baada ya uraia, ni kubadilisha kazi wakati wa kusaini mkataba mpya, kuelekea zile zinazohitaji kibali. Kinachonisikitisha ni kumwona kijana akikata tamaa kwa sababu mlango wa pili haukufunguka siku ya kwanza, kisha akachukua chochote kilichowekwa mezani.

Hapa pana imani mbili za kuondoa. Moja ni kwamba shahada hukufanya afisa. Maafisa wa kuteuliwa lazima wawe raia. Mwenye shahada na kadi ya kijani huanza kama askari wa kawaida, ingawa jeshi la nchi kavu humwanzisha katika cheo cha E-4, na shahada ya nje ya Marekani lazima itathminiwe kwanza. Nyingine ni kwamba Kiswahili chako kitakuingiza hata bila kadi. Mpango wa MAVNI, ulioanzishwa 2008 na uliokihesabu Kiswahili kati ya lugha zinazotafutwa, ulisimamishwa 2016. Anayekuuzia nafasi yake leo anakuuzia hewa.

Mtihani unaochagua kabla yako

Kabla ya kusema unataka nini, ASVAB itasema unaweza kupewa nini. Ni mtihani wa kuingia wa matawi yote. Alama inayotajwa zaidi, AFQT, si asilimia ya maswali uliyopata. Ukipata 60, maana yake umefikia au kupita watu 60 kati ya 100 wa kundi la kulinganishia la vijana wa Marekani. Alama hiyo huamua kama utaingia. Kazi utakayopewa huamuliwa na alama nyingine za makundi, kwa mfano GT, inayotokana na lugha na hesabu za mafumbo, au zile za ufundi na elektroniki.

Katika hesabu ya AFQT, sehemu ya lugha, yaani msamiati na ufahamu wa Kiingereza, huhesabiwa mara mbili. Hiyo hiyo ndiyo nusu ya GT. Watu wetu wengi hukesha na hisabati waliyokwisha kuijua, wakati kinachowafungia kazi nzuri ni maneno ya Kiingereza ambayo hawajayakuta. Mwezi mmoja wa kusoma msamiati kwa bidii unaweza kukufungulia orodha nyingine kabisa ya MOS. Ukikosa alama unazotaka, rudi nyumbani. Mtihani hurudiwa baada ya mwezi, kisha baada ya mwezi mwingine, na kuanzia hapo kila miezi sita. Tangu 2022 jeshi la nchi kavu lina pia kozi ya maandalizi Fort Jackson, South Carolina, kwa walio karibu kufikia alama.

Usisaini kwa alama ambayo ungeweza kuipandisha. Afisa wa kuandikisha ana idadi ya watu anayotakiwa kuifikisha mwezi huo, na wengi wao ni watu waungwana wanaofanya kazi yao. Wewe una miaka yako.

Mkataba ndio unaosema

Matawi hayaahidi kazi kwa namna moja. Jeshi la nchi kavu huandika MOS yako kwenye kiambatisho cha mkataba. Marine kwa kawaida hukuandikisha kwenye kundi la kazi, na kazi kamili hujulikana baadaye. Jeshi la anga na wanamaji wana njia za kuingia ukiwa na kazi maalumu, na pia njia za wazi ambapo utapangiwa kulingana na mahitaji. Akiba na National Guard, yaani jeshi la majimbo, hutegemea nafasi zilizopo katika vikosi vya jirani: kama kikosi cha karibu ni cha mafuta na usafirishaji, hutapata uuguzi hapo hata ukiwa na alama za juu.

Mkataba wenyewe, DD Form 4, unasema wazi kwamba ahadi yoyote isiyoandikwa humo au kwenye viambatisho vyake haina nguvu. Basi lile la "utabadilisha ukishafika" lisikutoshe. Pia soma muda: wajibu wa jumla ni miaka minane, hata kama sehemu ya utumishi kamili ni mitatu au minne; inayobaki hupitia akiba, na unaweza kuitwa. Ukiwa umeandikishwa lakini hujaripoti mafunzoni, bado unaweza kujitoa. Nalitaja hili kwa sababu vijana wengi huogopeshwa kwamba saini ya kwanza imekwisha kuwafunga.

Bonasi ya kusaini nayo ina wateja wengi. Bonasi kubwa inaonyesha kwamba jeshi lina upungufu wa watu katika kazi hiyo kwa wakati huo. Haisemi lolote kuhusu soko la nje. Inalipwa kwa masharti, na ukishindwa kutimiza unaweza kudaiwa kiasi chake.

Vipi kuhusu askari wa miguu? Je, 11B ni miaka iliyopotea? Hapana. Kazi yenyewe haina pacha uraiani, huo ni ukweli. Lakini kila askari, mpishi na mpiganaji sawa, hujijengea haki ya elimu. GI Bill ya baada ya Septemba 11, sheria ya kuwalipia masomo waliotumikia jeshini, iliyoanza kutumika Agosti 1, 2009, hutoa hadi miezi 36 ya masomo. Aliyetumikia miezi 36 ya utumishi kamili hulipiwa ada yote ya wakazi katika chuo cha umma, na akihudhuria masomo muda wote darasani hupata posho ya makazi. Anayejua atasomea nini akitoka anaweza kuchukua MOS anayoipenda bila hofu. Tofauti iko katika nafasi ya kusoma akiwa ndani: kikosi kinachoishi porini mazoezini hakimwachii mtu jioni nyingi za vitabu. Na anayejiunga na National Guard ajue kwamba wikiendi za mazoezi pekee hazijengi haki hiyo; inajengwa na siku za utumishi wa shirikisho.

Ukiwa tayari ndani, na MOS uliyonayo si uliyoitaka, bado kuna ya kufanya. Tovuti ya COOL ya tawi lako huorodhesha vyeti na leseni vinavyoendana na kila MOS na namna jeshi linavyoweza kuvilipia. Msaada wa ada hulipa hadi dola 250 kwa kila krediti ya chuo ukiwa bado kazini. Mpango wa USMAP huzigeuza saa zako za kazi kuwa uanagenzi unaotambuliwa na Wizara ya Kazi, na jeshi la anga lina chuo chake, CCAF, kinachotoa diploma za miaka miwili. Kwenye mifumo ya kompyuta, Wizara ya Ulinzi yenyewe hudai vyeti kama Security+ kwa watu wanaolinda mitandao yake, na hivyo ndivyo waajiri wa nje wanavyoviuliza.

Halafu kuna SkillBridge, ambayo huwaruhusu askari wanaokaribia kutoka kufanya kazi kwenye kampuni ya kiraia hadi siku 180 za mwisho wakilipwa mshahara wao wa jeshi. Ruhusa iko mikononi mwa kamanda, muda hutofautiana kwa cheo na tawi, na kikosi kinachojiandaa kusafiri kinaweza kukataa. Anza kuuliza mwaka mmoja na nusu kabla ya kutoka, ratiba ya kikosi ikiwa bado haijafungwa, na uende kwa kamanda ukiwa na jina la kampuni na tarehe zilizoandikwa.